Maneno Juu ya Maji

Siku Margareth alipokutana na Ndaki, kituo cha mabasi cha Kwa Mathias kilikuwa hakipitiki. Ilikuwa Jumatatu, mabasi ya mikoani yamejipanga hovyo, wauza korosho wanagombania madirisha, na kwenye duka la dawa za mifugo alikouza Margareth foleni ilikuwa imefika barabarani. Kijana mmoja mrefu, amevaa sweta la bluu katika jua lile na katambuga za matairi miguuni, akapenya hadi kaunta.

"Dada, nipe dawa ya ndigana. Mtamba wangu anakufa."

"Nzuri, na wewe habari za asubuhi," Margareth akamjibu. "Kwenu hawasalimii?"

Kijana akashtuka. "Samahani. Habari za asubuhi, dada. Mtamba wangu anakufa."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Margareth akabana chake, akauliza dalili za homa hiyo ya kupe. Homa ipo, tezi za shingo zimevimba, anakohoa.

"Uzito?"

"Kama kilo mia na themanini hivi."

"'Kama' haipimi dawa, kaka. Ungempima kifua kwa kamba, ukaja na..."

Kabla hajamaliza, kijana akatoa mfukoni kipande cha kamba chenye fundo, akakilaza kaunta. Ameshampima! Margareth akachukua futi yake, akapima ile kamba, akasoma kilo kwenye jedwali la ukutani. Mia na tisini. Miaka sita ameuza dukani pale, hajawahi kuona mwanaume aliyekuja amejiandaa namna ile. Akamwandikia namba ya simu juu ya boksi la dawa. "Kesho nipigie uniambie anaendeleaje."

Kesho ilikuwa mbali. Alipiga jioni ile ile.

"Haloo, dada wa dawa. Amekula majani."

"Afadhali! Nimefurahi."

"Mimi mbona huniulizi naendeleaje?"

"Kwani na wewe una ndigana?"

"Homa ninayo. Tezi sijazipapasa."

"We Ndaki, ishia hapo hapo!" akasema, lakini simu hakukata, na walikuja kuagana salio lilipokwisha. Ndivyo ilivyo. Wengine mapenzi huwaanzia kwenye harusi za watu, hawa wawili yaliwaanzia kwenye ndigana.

Sasa nikwambieni walikuwa watu gani. Ndaki alikuwa mtoto wa mzee Mashauri, mfugaji Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka Shinyanga akaweka boma Kisarawe, ng'ambo ya vilima. Nyumba ile haikwenda kanisani wala msikitini. Mzee Mashauri alipobariki jambo, alichukua maji kinywani, akayapuliza kwa watoto wake, akasema maneno. Ndaki na dada yake Martina walikua wakijua hivyo.

Margareth alikuwa binti wa mzee Ambokile wa Misugusugu, mtumishi wa serikali mstaafu, mzee wa kanisa asiyecheka siku ya Jumapili. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Na mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo kidonda kilipo: miaka minne nyuma alishatangazwa kanisani mara tatu, gauni likashonwa, na bwana harusi akatoweka wiki moja kabla. Tangu siku hiyo kila akipita, wamama wa ushirika walimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi. Alikuwa ameapa kwamba hatatangazwa tena akaachwa.

Ndaki alipokwenda kujitambulisha, alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Mzee Ambokile akaitikia shikamoo yake, akamwacha anywe chai yote, kisha akasema, "Kijana, una adabu na unafanya kazi, nimekupenda. Ila binti yangu haolewi bomani. Ataolewa kanisani, na mtu aliyebatizwa."

"Nitasoma, baba," Ndaki akajibu.

Akasoma kweli. Miezi minane, kila Jumamosi, anatoka Kisarawe kwa pikipiki kuja Misugusugu kukaa darasani kwa mwinjilisti Lusajo pamoja na wanafunzi wengine wa ubatizo. Kitabu kilikuwa na maswali arobaini na mawili, na mwalimu wake wa jioni kwenye simu alikuwa Margareth.

"Haya mpenzi, swali la tano."

Ndaki akatiririka bila kukosea.

"Safi, baba watoto! La sita."

"Ngoja kwanza, Maggie. Hili la tano maana yake nini?"

"Maana yake utafaulu. Harusi tarehe kumi na nne, bwana, tutafafanua lini? Wewe siku hiyo sema 'naamini', mengine yatakuja yenyewe."

"Wewe unaamini haya yote?"

"Jamani Ndaki! Mimi nimezaliwa kanisani."

Hakuwa amejibu swali, na hakujua kwamba hakujibu.

Ndoa ikatangazwa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Jumapili ya ubatizo ikafika. Ndaki alivaa suti ya kijivu, mikono imemzidi kidogo, na Margareth alikaa safu ya pili, gauni la rangi ya maziwa, nywele zimesukwa kwa saa tano. Watu saba walisimama mbele. Mchungaji akawauliza mmoja mmoja, mkono wake uko juu ya beseni la maji, na mmoja mmoja akaitikia. Akafika kwa Ndaki.

"Ndaki, unamwamini Mungu Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu?"

Ndaki akayatazama yale maji. Mchungaji akadhani hakusikia, akarudia. Mtoto mmoja akakohoa nyuma.

"Mchungaji, nisamehe," Ndaki akasema hatimaye. "Nimeyakariri yote. Lakini kama nayaamini sijui, na juu ya maji siwezi kusema uongo."

Akainamisha kichwa, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mzee Ambokile alikaa kama alivyokuwa, kofia mapajani. Margareth alijikuta nje, hajui alipitaje katikati ya watu, amemshika Ndaki kifua cha koti.

"Neno moja, Ndaki! Neno moja tu lilikushinda?"

"Maggie, mpenzi, kwetu mtu akidanganya juu ya maji anaingiza kifo nyumbani. Ningekuoa vipi kwa uongo?"

"Kwa hiyo mimi ndiyo nife kwa aibu? Mara ya pili, Ndaki! Wamama wote wale wananitazama!"

"Nipe muda. Nitaelewa tu..."

"Miezi minane sio muda? Sema hunitaki. Usimsingizie Mungu!"

"Nakutaka, Maggie."

"Usiniite Maggie." Akamwachia koti, akaenda zake. Jioni hiyo akaifungia namba ya Ndaki kwenye simu asimpate tena.

Siku kumi na moja zilizofuata Margareth aliishi kama mgonjwa. Chakula kilimshinda. Baba yake hakumgombeza, na heri angemgombeza, maana alikula peke yake chumbani na salamu aliitikia kwa kikohozi. Dukani wateja waliuliza bei mara tatu ndipo awasikie. Alimchukia Ndaki asubuhi, akamlilia mchana, na akaomba kila siku sala alizofundishwa utotoni, na zote zikamtoka mdomoni bila kumpunguzia hata tone la uchungu.

Alhamisi, kwenye saa tisa alasiri, simu ikaita. Namba ngeni.

"Maggie, usikate. Ni mimi. Nakuomba sana, nifundishe..."

Akakata. Ikaita tena. Akaizima kabisa, akaendelea kupanga chupa za dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alijisifu moyoni kwamba safari hii ni yeye aliyeacha.

Jumamosi asubuhi Dotto, mwenzake wa dukani aliyekuwa akipeleka dawa kwa wafugaji, akarudi kutoka Kisarawe. Hakushusha hata boksi.

"Maggie, hujasikia? Dada yake Ndaki amefariki. Uzazi. Mtoto amepona."

"Martina? Lini?"

"Alhamisi, alasiri. Wamemzika jana."

Margareth akakaa juu ya gunia la pumba. Alhamisi, alasiri. Mungu wangu, alikuwa akitaka nimfundishe nini?

Hakwenda hata nyumbani kubadilisha nguo. Alijitanda kanga ya Dotto, akapanda gari, na saa nane mchana bodaboda ikamshusha mbele ya boma la mzee Mashauri. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanaume chini ya turubai. Akawapa pole waliokuwepo, akaelekezwa zizini. Ndaki alikuwa ameegemea nguzo, sweta lile lile la bluu, macho yamevimba.

"Pole, Ndaki."

"Asante."

"Ulinipigia."

"Nilikupigia kwa namba yangu mara kumi na moja, haikuita. Nikaazima simu ya shemeji."

"Ulitaka nikufundishe nini?"

"Martina alikuwa anatoka damu. Madaktari wanahangaika naye ndani, mimi nimekaa nje kwenye benchi. Maswali yote arobaini na mawili ninayo kichwani, Maggie. Hakuna hata moja linalosema mtu anaanzaje kuomba. Nikasema nikuulize wewe."

Margareth akachuchumaa palepale kwenye samadi na kanga ya watu. "Nisamehe. Ndaki, nisamehe! Mimi ni mtu gani!"

"Inuka, utachafuka."

"Ukafanyaje?"

"Nikaanza mwenyewe. Nikamwambia, Mungu, juu ya maji yako sikudanganya, basi na wewe usiniingizie kifo nyumbani. Nikajua tumeelewana. Nusu saa haikupita, muuguzi akatoka, akanishika bega." Akafuta uso kwa mkono wa sweta. "Nilikwenda nyuma ya majengo nikamtukana. Kila tusi ninalolijua. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Nilipochoka, nikashangaa. Maggie, mtu hagombani na asiyekuwepo. Miezi minane nilitafuta kama yupo, nisimwone. Siku ile nilimkasirikia, na nilijua kabisa kwamba ananisikia."

"Na bado umemkasirikia?"

"Sana. Lakini Jumamosi ijayo narudi kwa mwinjilisti. Nitabatizwa, hata kama wewe hutanirudia. Sasa si kwa ajili ya harusi."

Maneno hayo yalimwingia Margareth vibaya. "Kwa hiyo hunitaki tena."

"Nakutaka mpaka naumwa! Ila naogopa. Ulikuwa unaniambia niseme tu. Mke wa kusema tu nitaishi naye vipi?"

Mzee Mashauri alikuwa amefika nyuma yao, fimbo mkononi, amekonda ghafla kwa siku mbili.

"Shikamoo, baba. Pole sana."

"Marahaba, mayu," mzee akamwita kwa heshima ya kwao, kama anayemwita mama. "Umefanya vizuri kuja. Wewe ni mtu wa kanisa. Sisi maneno yetu tumeyasema jana. Twende ukamwombee mwanangu na ya kwenu."

Angekataa vipi? Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo bado mwekundu. Watu wakawafuata, wakasimama kuzunguka, wanaume wakavua kofia. Margareth akapiga magoti. Binti wa mzee wa kanisa, mwimbaji wa kwaya tangu darasa la nne! Sala za maziko alizijua zote kwa ghibu. Akafungua mdomo, sala ya kwanza ikafika ulimini, akaisikia jinsi ilivyo tupu. Maisha yake yote alikuwa amesema maneno haya, na hajawahi hata siku moja kuyasema kwa mtu. Alikuwa akiyasema tu. Akafunga mdomo.

Watu wakasubiri. Mama mmoja akaguna. Margareth akauona uso wa Ndaki siku ile mbele ya beseni, akaelewa alichokuwa akikipitia mwenzake wakati yeye anahesabu macho ya wamama.

"Siwezi, baba," akamwambia mzee Mashauri, machozi yakimtiririka. "Nisamehe. Nazijua sala zote. Mimi mwenyewe sijui kama nimewahi kuamini."

Minong'ono ikaanza. Alijua maneno yale yatafika Misugusugu kabla yake, na baba yake atayasikia. Alisikia mtu akipiga magoti ubavuni mwake. Alikuwa Ndaki.

"Mungu," Ndaki akaanza. "Ni mimi Ndaki. Bado nimekukasirikia. Martina alikuwa wetu, sasa yuko kwako, basi mtunze vizuri. Mtoto wake amebaki, na kwa huyo sikuachii, utanisikia kila siku. Na huyu hapa alinikatia simu. Mimi simdai. Msikilize, hata akinyamaza."

Hakuna aliyesema amina, maana hawakujua kama amemaliza. Ng'ombe walikuwa wakilia zizini. Margareth alikuwa ameshika udongo mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakutafuta maneno mazuri.

"Mungu," akasema. "Ni mimi Margareth. Nilikata simu."

Ndaki akamshika mkono, udongo na vyote, wala hakuuachia.