Mashine Isiyofika Migori

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nyarangi alimsaidia mama yake kutoa cherehani nje, barazani. Walikuwa wamekodi chumba kimoja nyuma ya soko la Migori. Cherehani ilipokwisha kusimama mahali pake, Nyarangi alifagia vipande vya vitambaa vya jana, akanywa chai ya haraka, akachukua mkoba wake na kukimbia.

Mama yake, Dorah, alikuwa fundi wa sare za shule. Kazi ilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Kabla ya kuolewa aliwahi kufanya kazi Kisumu, kwa Mhindi mmoja aliyechapa maandishi na picha kwenye fulana. Alikuwa hajaisahau kazi hiyo.

"Sare kila fundi anashona," alizoea kusema. "Lakini watu wa hapa wakitaka fulana za timu au za kanisa, wanazipeleka Kisumu. Mashine yangu ikifika, wataniletea mimi."

Mashine yenyewe ilikuwa meza ya chuma yenye mikono minne. Kila mkono ulishika fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba sana, kilichozibwa kote isipokuwa mahali pa picha. Ukimwaga wino juu ya kitambaa hicho na kuusukuma kwa kipande cha mpira, picha inatua kwenye fulana iliyo chini. Meza kama hiyo, pamoja na taa kubwa ya kukaushia wino, iliuzwa na mwenye duka mmoja wa Homa Bay aliyeagiza vitu vyake Nairobi.

Mwanzoni mwa mwaka huo wa 1993, Mama Nyarangi alikwenda kuuliza bei, akarudi akiimba. Aliuza mbuzi wake. Baba Nyarangi, aliyekuwa akichimba dhahabu Osiri, alituma alichokipata, ingawa mara nyingi kule alipata vumbi tu. Baada ya Pasaka mama alirudi Homa Bay na fedha zote zimefungwa kiunoni. Mwenye duka akatikisa kichwa.

"Shilingi imeanguka, mama. Hii kitu inatoka ng'ambo. Bei ya zamani sahau."

Akarudi nyumbani, akashona usiku na mchana, akauza pia mtamba wa ng'ombe ambaye mama yake mzazi alimpa. Habari za mashine zilikuwa zimeenea hadi shuleni, kwa kuwa Nyarangi mwenyewe ndiye aliyezieneza. Sasa wenzake wa darasa la saba walimcheka.

"Hiyo mashine inatoka Nairobi kwa miguu?" Matiko, rafiki yake, aliuliza siku moja, na darasa zima likaangua kicheko.

Neno hilo lilimchoma Nyarangi kama mwiba wa samaki.

Siku chache baadaye, Mwalimu Mirumbe, aliyefundisha kwaya, aliwaambia Nyarangi na waimbaji wenzake kuwa tamasha la muziki la wilaya lilikuwa karibu. Wazazi walikuwa wamenunua fulana nyeupe, na alitaka jina la shule lichapwe kifuani.

"Itabidi nizipeleke Kisumu," alisema.

Nyarangi akajikuta amesimama. "Mwalimu, mama yangu anachapa. Mashine imeshafika."

Matiko aligeuka kumtazama. Mwalimu alifurahi. "Kumbe! Basi kazi ibaki nyumbani. Zichukue, mpe mama."

Nyarangi alizifunga fulana furushi moja, akalibeba kichwani. Alijiliwaza njiani. Mama alikuwa anakwenda tena Homa Bay kesho yake, na safari hii fedha zingetosha. Mashine ingefika, fulana zingechapwa, na uongo ungegeuka kuwa kweli kabla mtu hajaujua. Alilisukuma furushi chini ya kitanda chake kabla mama hajaliona.

Kesho yake mama alirudi jioni mikono mitupu. Aliketi kitandani bila kuvua viatu.

"Imepanda tena?" Nyarangi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Imepanda. Hata wino peke yake siwezi kuukaribia." Mama alitazama mikono yake. "Nikipiga hatua moja, yenyewe inapiga mbili. Mwanangu, nimechoka kukimbiza kitu chenye mabawa."

Nyarangi alitaka kusema. Angewezaje kumwongezea mzigo mtu aliyelemewa namna ile?

Akaamua kujisaidia mwenyewe. Wiki iliyofuata mama alipokwenda sokoni, alichonga herufi kwenye kipande cha katoni, akatafuta mabaki ya rangi ya mlango yaliyokuwa kwenye kopo, akachukua fulana ya juu ya furushi. Alipaka taratibu, ulimi ukiwa umetoka nje. Alipoinua katoni, rangi ilikuwa imevujia chini yake, na jina la shule lilikuwa baka moja refu la buluu. Akaifua kwa sabuni, lakini baka likazidi kutanuka. Ndani ya kola palikuwa pameshonwa kwa uzi mwekundu jina la mwenyewe: Matiko.

Siku iliyofuata Mwalimu Mirumbe alimwita. "Nyarangi, fulana zetu zimefika wapi?"

"Zinakauka, Mwalimu."

Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili. Usiku huo hakula. Mama alidhani ni malaria, akamgusa paji la uso, akasema atamnunulia dawa asubuhi. Nyarangi aliposikia kwamba mama anataka kutumia fedha zake kwa ugonjwa ambao haupo, machozi yalimtoka. Alivuta furushi kutoka chini ya kitanda, akaliweka miguuni pa mama, akaeleza yote, hata ile fulana iliyoharibika.

Mama hakumpiga. Aliikunjua ile fulana, akaigeuza mbele na nyuma.

"Ulitaka watu wafikiri tuna kitu ambacho hatuna," alisema mwishowe. "Kesho tutakwenda pamoja kwa mwalimu. Utasema wewe, si mimi."

Asubuhi Nyarangi alisimama mbele ya Mwalimu Mirumbe, macho chini, akakiri. Uso wa mwalimu ulibadilika.

"Ungeniambia wiki ile, ningekwenda Kisumu," alisema kwa uchungu. "Tamasha ni Jumatano. Leo ni Ijumaa. Nifanye nini mimi sasa?"

Mama Nyarangi alifuta jasho kwa ncha ya leso.

"Mwalimu, kazi naijua vizuri. Vyombo ndivyo sina. Nimevitafuta tangu Januari, vinanikimbia. Nimeona aibu kusema kwamba bei imenishinda, hata kwa jirani. Labda mtoto amejifunza kwangu kuficha."

Mwalimu alimtazama, na hasira ikaanza kumtoka. "Yuko mzee mmoja Homa Bay, anaitwa Obare. Anachapa kalenda na fulana za parokia. Lakini kazi yake ni nyingi, sidhani kama atakubali. Na kesho Jumamosi ni Sabato yenu."

"Tutakwenda Jumapili," mama alisema. "Akikataa, tutakuwa tumejaribu."

Jumapili walimkuta Mzee Obare ndiyo kwanza ametoka misa, rozari ingali mkononi. Nyuma yake, kupitia dirisha, Nyarangi aliiona: meza ya chuma yenye mikono minne, kimya, imefunikwa shuka.

"Leo sifanyi kazi," mzee alisema, mama alipokwisha kueleza shida yao. "Na wiki nzima nimejaa. Kwanza, mlipokeaje kazi na vyombo hamna?"

Mama akamtazama binti yake. Nyarangi alipiga hatua mbele.

"Ni mimi, Mzee. Nilidanganya kwamba tuna mashine. Nilikuwa nachekwa. Fulana hii niliiharibu, na ni ya rafiki yangu." Akaikunjua mbele yake, baka la buluu likaonekana.

Mzee Obare aliitazama fulana, akamtazama mtoto.

"Nyathina," alisema kwa Kijaluo, yaani mtoto wangu, "hiyo ungeweza kuiacha nyumbani, nisingejua." Akamgeukia mama. "Unaweza kweli kazi hii?"

"Nipe fremu moja uone. Sisi ni Wasabato, Jumapili kwetu ni siku ya kazi."

Mzee alifungua mlango. Alikaa kwenye kigoda, hakugusa kitu, akamtazama Mama Nyarangi akitandaza fulana kuukuu ya majaribio, akishusha fremu ya parokia, akivuta mpira mara moja tu kwa mkono ulionyooka. Fremu ilipoinuka, herufi zilikuwa safi. Mzee aliitikia kwa kichwa polepole.

"Sikiza, mama. Mimi Jumapili sifanyi kazi. Ninyi Jumamosi hamfanyi. Meza haina dini. Kila Jumapili inalala hapa bure. Itumie, kuanzia leo. Tutagawana kitakachopatikana."

Mama alishika meza kwa mikono miwili, kisha akaanza kuandaa fremu ya jina la shule.

Jumatano kwaya ilipanda jukwaani ikiwa na jina la shule kifuani. Nyarangi hakuimba. Alikuwa amempa Matiko fulana yake mwenyewe, na Mwalimu Mirumbe hakuruhusu mwimbaji asiye na sare. Alikaa miongoni mwa watazamaji kando ya mama yake, akafuata nyimbo kwa midomo bila kutoa sauti. Iliuma, naye alijua kwa nini.

Mashine haikununuliwa mwaka huo. Bei ilipanda tena, kisha tena, na kila Jumapili mama na binti walisafiri hadi Homa Bay na furushi la fulana za watu. Jumapili moja walipokuwa wakingoja wino ukauke, Nyarangi aliuliza, "Mama, tutaipata yetu lini?"

"Sijui," mama alijibu. "Bei haiko mikononi mwangu. Niliuza mbuzi, nikauza mtamba, nikashona hadi macho yakauma, bado ikanishinda. Kuna mambo yatakushinda hata ukifanya bidii, na hiyo si aibu. Aibu ni kuyafunika kwa uongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha shida yangu, wewe ukaificha zaidi, na wakati wote huo meza hii ilikuwa hapa, imelala. Hakuna aliyejua kwamba yetu imetushinda, kwa sababu hatukusema kweli. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi nishikie ncha hiyo ya fulana. Vuta, isikunjamane."

Nyarangi akavuta, na mama akashusha fremu.