Dawa ya Kuazima

Kabla ya kwenda shule, Chapchap alizoea kukaa kidogo kando ya cherehani ya mama yake. Jina hilo alibandikwa kwa kufanya kila kitu mbiombio. Mama alikuwa fundi wa sare za shule, na alikata kitambaa bila kuchora hata mstari, mkasi ukaenda moja kwa moja. Chapchap hakuchoka kumtazama.

Jioni moja kitinda mimba alimkwaruza mama jicho kwa ukucha. Lilipona baada ya siku tatu, wakasahau. Kisha vituko vikaanza. Asubuhi, mama akifumbua macho tu, jicho lile lilichoma kama limetiwa mchanga. Kufika saa nne, limetulia. Siku mbili tatu baadaye, yaleyale.

Siku moja maumivu yalimzidi mama hata akashindwa kutazama dirishani. Chapchap akatoka mbio kwa jirani, akaazima dawa ya matone aliyobakiza. Tone moja tu, maumivu yakakatika. Siku nne nzima Chapchap alimtia tone kila maumivu yaliporudi, akajiona daktari. Siku ya tano jicho liliwiva jekundu na mama akawa anaona ukungu. Wakaenda hospitali.

Daktari wa macho alitia rangi jichoni, akamulika kwa taa ya buluu, kisha akauliza kama kuna dawa iliyotumika. Mama hakutaka mtoto alaumiwe, akaanza kusimulia habari ya ukucha. Chapchap akatoa chupa mfukoni.

"Ni mimi, daktari. Niliazima kwa jirani. Chupa hii hapa."

Daktari alipoisoma, uso ulimbadilika. Ilikuwa dawa ya ganzi. Alieleza kwamba huondoa maumivu tu, na ikitiwa siku kwa siku huzuia kidonda kupona, hata mtu anaweza kupofuka.

"Mbele ya jicho kuna utando angavu, ndio konea," akaendelea. "Tabaka lake la juu lilikwaruzwa, likaota tena, lakini halikushika vizuri. Ukilala jicho hukauka, kope inanata juu yake. Ukifumbua, inalibandua tabaka hilo upya."

Alimpa mama dawa ya kuzuia vijidudu, akamwita tena baada ya siku mbili. Kidonda kilipofunga, akamwandikia matone ya kulainisha mchana na marhamu kila anapolala, kwa miezi mitatu, maumivu yawepo yasiwepo. Asifikiche jicho. Ikishindikana, wangemwekea lenzi laini ya kulikinga, au wangekwangua sehemu iliyolegea iote upya.

Mwezi wa kwanza maumivu yalirudi mara mbili. Mama hakukata tamaa wala hakuruka siku, hata alipochoka akisinzia amekaa. Chapchap, ambaye hakuwahi kumaliza daftari moja bila kuanza jingine, alibaki kumstaajabia.

Baada ya miezi mitatu daktari alimulika tena, akatabasamu.

"Limeshika," alisema, kisha akamgeukia Chapchap. "Mama yako amelitibu kwa uvumilivu. Lakini mimi nilijua pa kuanzia kwa sababu wewe ulisema kweli. Usimtie mtu dawa aliyoandikiwa mwingine. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema siku ile."