Simu Iliyosoma Nywila

Kataa kuniamini. Cheka kabisa! Hata mimi, niliyeikimbia shule kabla haijanifukuza, nisiyeogopa mbwa wala polisi, ningecheka.

Dada yangu hupokea simu kwenye tovuti ya kuhifadhi picha za familia. Mteja akisahau nywila, dada anaitafuta kwenye kompyuta na kumsomea. Zote zilikaa wazi, kama nguo kwenye kamba. Bosi alitamba: "Kwangu mteja hasumbuliwi!"

Mchana mmoja dada aliinua simu, ikanuka udi uliolowa maji.

"Nani mwenzangu?"

Ikaanza kusoma nywila za wateja, kila moja kwa sauti ya mwenyewe, bibi kwa sauti ya bibi, mlevi kwa ulevi wake, polepole, bila kuvuta pumzi, mpaka dada akataka kuitupa na mkono ukakataa kufunguka, na mwishoni kabisa mtoto akacheka na kusema: "Kibonge."

Kibonge ndivyo tulivyomwita mwanawe, marehemu. Ndiyo nywila ya dada, pale na kila mahali.

Bosi akaleta mtaalamu, mama mmoja asiyetabasamu.

"Nani aliwaambia nywila inawekwa hivi?" akauliza. "Inasagwa, kila moja ichanganywe na herufi zake za kubahatisha, hata wewe mwenyewe usiweze kuirudisha. Mteja akisahau, anaweka mpya. Hasomewi!"

"Basi zisage, mama," bosi akanong'ona.

"Nitasaga. Lakini huyu jini wa kwenye simu ameshazisoma. Kila mtu abadilishe, kila alikoitumia. Asipobadilisha, mlango wake uko wazi."

Wakabadilisha. Simu zikanyamaza. Bosi akanunua soda.

Kijiweni huwa naishia hapo, napigiwa makofi.

Ninachoruka ni hiki. Dada alikaa mbele ya kompyuta, kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Nikilifuta jina hili, mdogo wangu, nitaliandika wapi tena?"

Mimi, bingwa wa kutoogopa, nikamwambia, "Liache, dada."

Sasa kila mchana picha moja ya Kibonge inafutika kwenye tovuti. Imebaki moja tu, ile ambayo nimembeba mgongoni. Nimeitazama leo. Mikono iliyonikaba shingo si ya mtoto.

Nimemsihi dada abadilishe. Hataki. Anasema simu ikilia, inamwita mama.