Msumari wa Tatu

Elinami aliyaamkia makoti.

"Shikamooni, wazee," alisema, tena kwa kuinama, kofia mkononi. Dereva wa boza la mafuta aliyefika Lubumbashi na Kigali, anayejisifu kuwa hakuna mpaka asioujua, anayapa shikamoo makoti mawili yaliyotundikwa kwenye misumari chini ya tangi la dizeli. Miwani aliisahau kwenye gari.

Akajicheka. Ephraimu, mlinzi wa kituo cha kufua umeme, hakucheka.

"Umeyasalimia?"

"Kagiza haka, kaka. Na mama alinifundisha adabu kwa fimbo."

Mlima Meru ulishapotea gizani. Nyuma ya ukuta mashine zilinguruma. Elinami alishamwaga lita elfu thelathini ndani ya tangi, na mkewe, Aikande, alikuwa akimngoja Ngaramtoni na ndizi jikoni. Ilibaki kupima tangi tu. Bila kipimo, geti halifunguliwi.

Pale, anayepanda kupima huvua koti kwanza, kitu kisije kikadondoka kutoka mfukoni hadi ndani ya tangi.

"Hilo la mzee Sifaeli," Ephraimu alinong'ona. "Alipanda, hakushuka. Hilo la pili la kijana Joel. Alilisalimia la Sifaeli... kwa utani, kama wewe."

"Basi mimi sivui."

Akapanda na koti lake.

Akafunua mfuniko. Harufu ya dizeli... halafu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Akashusha fimbo ya kupimia. Ikaenda. Ikaenda. Akaivuta.

Kavu.

Lita elfu thelathini, na fimbo kavu. Akaishusha tena. Safari hii kitu kiliishika huko chini... taratibu, kama mtoto anavyoshika kidole cha baba yake.

"Marahaba," ilisema sauti ndani ya tangi.

Kisha nyingine, ya kijana.

"Marahaba."

Hakukumbuka alivyoshuka ngazi. Aliruka ndani ya boza, akawasha. Likakohoa. Likanyamaza. Mshale wa mafuta ulilala kwenye sufuri, na mchana alijaza mwenyewe, mpaka juu.

Mashine nazo zikazima, moja baada ya nyingine. Huko bondeni, Arusha yote ikawa giza.

Akarudi kwa Ephraimu.

"Kaka, nina mke. Ulikuwa utani tu. Nifanyeje?"

Ephraimu aliwasha tochi. Mwanga ukapita koti la kwanza, ukapita la pili, ukatulia kwenye msumari mtupu, unaong'aa kama uliopigwa leo.

"Vua koti."