Ukungu Ndani ya Bakuli la Bi Kaltuma

Haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo, nikayaona kwa macho haya mawili ambayo hadi leo husoma namba ya gari lililo ng'ambo ya mto Sabaki bila miwani. Shule niliiacha darasa la sita, sikatai, lakini zunguka Mambrui nzima uulize nani alimshikia Shahida ngazi, utaambiwa Dzombo. Uliza nani alilibeba lile bakuli mwisho wa mambo, utaambiwa Dzombo huyo huyo. Basi kaa vizuri.

Shahida alikuwa fundi simu, akiishi na bibi yake, Bi Kaltuma, katika nyumba ya paa la zege nyuma ya kwangu. Watu wawili tu, na paka asiyejulikana ni wa nani. Mwaka ule akaingiwa na wazo la kujitengenezea kamera ya kutazama mbingu nzima kwa mpigo mmoja: kamera inayolala chali juu ya paa, jicho lake pana kama la pweza, ikipiga picha kila dakika tangu magharibi hadi alfajiri, ili asubuhi azipitie picha hizo na kuhesabu vimondo.

"Vimondo?" Bi Kaltuma akaguna, tasbihi mkononi. "Yale ni mawe ya kuwapigia mashetani wanaodukiza siri za mbinguni. Watu wanavurumishiwa mawe, nawe wataka kuwapiga picha?"

"Nitakuonyesha nani kapigwa, Bibi."

"Mimi nawajua waliopigwa. Wengine huja kujificha majumbani mwa watu."

Shahida akacheka. Nami nikacheka.

Kamera aliiweka ndani ya kipande cha bomba la maji machafu, pamoja na kompyuta ndogo isiyozidi pakiti ya biskuti. Kilichokosekana ni kifuniko cha kuikinga na mvua na kunguru. Vya plastiki alivyojaribu vilizitia nyota kiwi, zisionekane sawasawa. Ndipo akakumbuka bakuli la kioo, jembamba, safi kama hewa, lililokuwa limefunikwa kifudifudi katika kidaka cha ukutani chumbani mwa Bibi tangu yeye hajazaliwa. Chini yake hapakuwa na kitu. Alikwisha kuchungulia mara mia.

Bibi alipokwenda arusini Kibarani, Shahida alilinyanyua lile bakuli kama anyanyuavyo sufuria ya jana. Hakusema bismillahi. Na kwetu huku hata mtungi wa maji haufunikwi wala haufunuliwi bila jina la Mungu. Akalipandisha paani, akaligandisha juu ya bomba kwa silikoni. Mimi chini nikishika ngazi nilisikia harufu ya marashi ya mawaridi ikinishukia puani. Nikashangaa kidogo, maana Shahida siku zote hunuka risasi ya kuchomelea.

Bibi aliporudi hakugundua lolote. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikiona kidaka kama aonavyo kila kitu, kivuli tu.

Wiki ya kwanza vimondo kumi na vinne. Wiki ya pili ukaja ukungu.

Umande ni adui wa kila mwenye kamera ya namna hii, na Shahida alikwisha kujitayarisha. Alizungushia ukingo wa bakuli vinyaya vya kupasha joto, vinavyojiwasha vyenyewe saa moja usiku. Lakini huu ulikuwa kwa ndani, ambako silikoni imeziba hata sisimizi hapiti, tena wakati wa kaskazi kavu. Akaketi dukani mchana kweupe, akaziendesha picha za usiku ule moja baada ya nyingine. Ukungu ulitanda juu ya nyota, ukanywea, ukatanda, ukanywea. Kama kifua cha mtu aliyelala.

Akaongeza joto maradufu.

Usiku huo, saa moja juu ya alama, Bi Kaltuma alikatika pumzi katikati ya kijiko cha uji. Usiku wa pili vilevile. Siku ya tatu, kabla jua halijazama, Shahida alimpakia kwenye tuktuk ya Okoth wampeleke hospitali Malindi. Nilikaa nyuma nimemwegemeza ajuza. Tulipofika kati ya daraja la Sabaki, midomo yake ilibadilika rangi, kifua kikasimama kabisa.

"Geuza!" Shahida akapiga kelele.

"Lakini hospitali iko mbele, dadangu!"

"Geuza, Okoth, Bibi hapumui!"

Akageuza. Tuliporudi upande wa kwetu, bibi akavuta hewa. Tukajaribu tena. Palepale, kwenye nguzo ileile, pumzi ikakatika kama uzi. Mara ya tatu Okoth mwenyewe alikataa, jasho likimtiririka. "Huyu mama amefungwa kamba," alinong'ona. "Na kamba imeishia hapa."

Tukarudi nyumbani, na nyumba nayo ilikuwa imekwisha kubadilika. Pangaboi lilizunguka bila pazia kutikisika. Adhana ya msikiti ulio hatua sabini tu ilitufikia kama inatoka kisimani. Na kutoka juu, kupitia zege, ilishuka sauti nyembamba isiyokoma, ile sauti ya kidole kilicholowa kikizungushwa taratibu kwenye ukingo wa kioo. Shahida akafungua simu kutazama kamera inaona nini. Katika picha ya mwisho ukungu ulikuwa umejaa bakuli zima, isipokuwa katikati, ambako palikuwa pamefutika kwa umbo la midomo miwili iliyobana kioo kutoka ndani.

Saa moja ikagonga. Vinyaya vikawaka. Katika picha iliyofuata ukungu umepungua, na chumbani Bibi akaanza kukoroma; katika iliyofuata umebaki kama chapa ya kikombe, na Bibi akanyamaza; na Shahida, ambaye siku zote hizo alijisifu kwa jinsi kioo chake kilivyosafika, akaelewa mara moja kwamba ule haukuwa umande hata siku moja, kwamba ni pumzi ya bibi yake iliyokuwa ikinyonywa juu na kukusanywa mle, na kwamba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ndiye aliyekuwa akiichemsha ipotee kila usiku.

Akapanda ngazi, akang'oa waya. Ukungu ukarudi. Chini, Bi Kaltuma akavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka mbizi ndefu. Shahida akajaribu kulinyanyua bakuli. Lilipoinuka unene wa ukucha tu, akasikia chini bibi yake akipaliwa. Akaliachia.

Aliposhuka alimkuta Bibi amesimama, mkono wake ukipapasa kidaka. Ukapapasa kushoto, ukapapasa kulia.

"Shahida," akasema taratibu. "Bakuli langu liko wapi?"

"Nimelipandisha paani, Bibi," msichana akalia.

"Nawe ulidhani halikufunika kitu. Kitu hicho ndicho kilichomnyonya mwanangu wa kwanza hadi akakauka kama dagaa. Mganga wa Vitengeni alikifunika. Mganga huyo amekwisha kufa. Lakini ameacha binti."

Binti huyo ndiye Kadii. Alifika kabla ya alfajiri kwa pikipiki, mwanamke mfupi, simu mbili kifuani, akasikiliza yote kisha akamtazama Shahida.

"Mama yangu alitoka jasho siku saba kukifungia gizani," akasema, "nawe ukakipandisha paani kikapunge upepo!"

"Nisamehe, mama."

"Mimi sijanyonywa. Muombe bibi yako. Wee Dzombo, una mgongo?"

Nilikuwa nao. Walinifungia Bi Kaltuma mgongoni kwa kanga kama mtoto, nikapanda naye ngazi, na nasema kweli, alikuwa mwepesi kuliko kanga yenyewe. Nilipomshusha paani, Kadii akaikata silikoni kwa wembe, akauacha ukingo ukae palepale, kisha akausogeza mdomo wa ajuza hadi kwenye mwanya.

"Pumzi iliyomo ni yako. Vuta. Ukitoa, toa pembeni. Ukipumulia ndani, umekipa chote." Akamgeukia Shahida. "Na wewe, lile jina ulilolisahau, lianze sasa, usikome."

Shahida akaanza bismillahi, na Bi Kaltuma akavuta, na kitu kilichokuwa mle kikavuta upande wake, kioo kikalia ile sauti yake nyembamba hadi meno yetu yakauma, marashi ya mawaridi yakageuka uvundo wa maji ya maua yaliyooza, ukungu ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi, nami nilimshika bibi mabega nikaona ile midomo miwili ikijichora tena kwenye kioo, ikabana, ikabana, mkabala na mdomo wake, hadi nyota ya mwisho ilipozimika angani na kioo kikabaki kikavu, cheupe, kitupu. Kadii akalipiga bakuli kifudifudi juu ya sinia, akalifunga kwa kaniki.

"Dzombo, lipeleke mlangoni mwa mto Sabaki, ulizamishe hivihivi. Usifungue, bado kimo."

Nikaenda, nikalitupa, maji ya matope yakalimeza. Juma lililofuata Okoth alimvusha Bi Kaltuma daraja lile, akaenda Malindi akala halua hadi akaumwa tumbo. Kamera ya Shahida sasa imefunikwa plastiki. Nyota zina kiwi, hajali.

Yote hayo ni kweli tupu, isipokuwa kimoja nilichokitia mwenyewe: mto haukumeza kitu. Nilipofika ukingoni nilitaka kuona tu mara moja. Nikafungua kaniki. Kioo kile, ndugu zangu, hakuna duka lenye kioo kama kile. Nikarudi nalo nyumbani, nikafunikia mkate.

Naishi peke yangu. Kila asubuhi lina ukungu kwa ndani.

Jana nililibeba nilipeleke kweli. Nilifika karibu na daraja, pumzi ikaniishia, nikakaa chini. Nikarudi, nikipumzika kila penye kivuli.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa mdomo. Wanashangaa mbona safari hii nimeandika.