Mwizi wa Baridi

Mtungi ulikuwa umetoweka. Saa mbili asubuhi ulikuwa juu ya toroli katika chumba cha upasuaji. Saa mbili na nusu toroli ilibaki peke yake kama mjane.

Ndani ya mtungi huo mlikuwa na gesi ya naitrojeni iliyopoozwa mpaka ikawa maji, baridi inayozifanya baridi nyingine zote zionekane uji. Daktari bingwa alikuwa aitumie kugandisha uvimbe wa saratani kwenye kope la mama mmoja. Saa sita kamili angeondoka, na asingerudi hospitali hiyo mpaka baada ya miezi minne.

"Mama akingoja hiyo miezi minne?" Inspekta aliuliza.

"Tutalitoa jicho zima," daktari alijibu.

Inspekta, ambaye kituoni walimwita Pua, kwa ukubwa wake na kwa kazi iliyofanya, alitazama saa. Saa tatu.

Chini ya toroli aliokota kijiko kirefu cha chuma cha kuchotea. Kwenye mpini paling'ang'ania kitu cheupe, chembamba. Alikibandua kwa kibano.

"Ngozi ya mtu," alisema daktari. "Amekishika bila glavu kikitoka mtungini. Chuma chenye baridi ile hakikuachii. Ukivuta mkono, ngozi inabaki."

"Anaumwa sasa hivi?"

"Atalia baadaye. Kwa sasa vidole vimekufa ganzi."

Inspekta alitabasamu, akaagiza chai.

Watu watatu tu walipita ukumbini asubuhi hiyo: mlinzi wa mlango, mtunza ghala, na mume wa mgonjwa, mzee muuza barafu ambaye kila siku huleta vipande vyake maabara kwa mkokoteni. Wote waliketishwa kwenye benchi moja.

"Mlinzi, ulimkagua nani akitoka?"

"Kila mtu, afande."

"Na muuza barafu?"

"Huyo nitamkaguaje, afande? Itayeyuka!"

"Wewe wa ghala?"

"Mimi nina funguo kumi na saba. Mwenye funguo kumi na saba akiiba, si ataulizwa wa kwanza? Sijawa mjinga kiasi hicho."

Chai ililetwa, imetoka jikoni inachemka, ndani ya vikombe vya bati visivyo na mkono. Mlinzi aliruka. Mtunza ghala alirusha chake mkono huu, mkono ule, akimwita Mungu na mama yake. Mzee alikikamata kwa vidole vitatu, akatulia tuli.

"Baba, hiyo chai haikuunguzi?"

"Aa... imepoa."

"Fungua mkono."

Vidole vilikuwa vyeupe kama nta, ncha zimechunika.

"Ni barafu, mwanangu. Miaka thelathini ya barafu."

"Barafu yako ndiyo iliyobandika ngozi yako kwenye kijiko cha daktari?"

Mzee aliinama. Kikombe kikatua chini.

"Nimeuchukua mimi."

"Kwa nini?"

"Nyie barafu mnaijua kwenye soda. Mimi naijua kazini. Nimegandisha samaki, nimegandisha nyama, sijaona hata mmoja aliyeamka. Jana huyu bwana ananiambia atamgandisha mke wangu jicho. Jicho, mwanangu! Nikasema, bora aishi na uvimbe wake, lakini anione."

"Na kijiko?"

"Nilifungua nione barafu gani hiyo yenye majivuno. Nikachota, kijiko nikakishika kwa mkono mtupu kama ninavyoshika barafu yangu. Lo!"

"Mtungi uko wapi?"

"Bandani kwangu, ng'ambo ya barabara. Nimeufunika kwa barafu usiharibike. Sina tabia ya kuharibu vya watu."

Daktari alichuchumaa mbele yake.

"Baba, samaki wako unamgandisha mzima mzima. Mimi nagandisha uvimbe peke yake. Seli mbovu zikiganda haraka kisha zikayeyuka polepole, zinapasuka, zinakufa. Zinadondoka kama gaga la kidonda, na chini yake inaota nyama mpya."

"Na jicho?"

"Nalikinga kwa ngao. Halitaguswa."

"Basi mbona jana hukusema hivyo?"

Inspekta aliliandika swali hilo pia.

Mtungi ulirudi kwa mkokoteni uleule, polisi wawili wakisukuma mbio. Daktari alichovya ufito, akautoa, akapima ukungu mweupe ulioganda juu yake.

"Inatosha!"

Saa nne na nusu kazi ilianza. Uvimbe uligeuka mweupe, ukayeyuka taratibu, ukagandishwa mara ya pili. Saa tano na robo mama alitoka na bandeji. Aliposimuliwa, alimtazama mumewe kwa jicho moja.

"Miaka thelathini na mbili nalala na mwizi, na hajaniibia kitu ila usingizi, kwa kukoroma!"

Hospitali iliondoa malalamiko, jalada likafungwa. Mzee naye alifungwa, lakini vidole tu.

Miezi minne baadaye daktari bingwa alirudi, akalichunguza kope kwa kioo cha kukuzia, akapeleka kipande maabara. Saratani hakuna. Jicho linaona, na linamwona mzee vizuri kuliko mwenyewe alivyopenda. Muuza barafu alipiga vigelegele, kazi ya wanawake, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Kisha akamvuta daktari pembeni, akageuza shingo.

"Nina chunjua hapa kisogoni, mwaka wa tisa sasa. Ule mtungi hauna mabaki?"