Madame Aliyepiga Asubuhi

Rafiki yangu Mutabazi, mwalimu wa Kamembe, si mtu wa kuzusha. Nyumba yao ya Bukavu iliungua katika vita vya 2004, na picha pekee za mkewe Mukandori zilizobaki zilikuwa ndani ya kompyuta yake ya mkononi. Miezi mitatu baada ya kumzika, kadi ya michoro ya mashine hiyo, inayoendesha kioo, ilianza kuchemka, kioo kikawa kinazimika.

Alasiri moja ya mvua kubwa, umeme ukiwa umekatika na chumba kimeingia giza, aliipigia simu kampuni iliyoitengeneza.

"Papa, dosye yako, faili ya mashine yako, iko hapa," fundi alisema. "Madame alishapiga asubuhi. Anakataa tuibebe mashine kwenda kuitengeneza, eti tutafuta picha."

"Madame gani? Ninaishi peke yangu."

"Aa, papa! Munagombana kwenu, munatuweka katikati?" Fundi alicheka.

Mutabazi alishuku matapeli. Nani aliwaambia habari za picha?

"Alisema nini tena?"

"Kwamba inamuchoma magoti. Weka simu karibu na feni ya mashine, nisikie."

Akaiweka. Feni ilivuma kwa nguvu ya betri.

"Feni ni nzima. Lakini umwambie madame aache kupuliza, sisikii vizuri."

Mutabazi alikata simu, akazima mashine, akachomoa betri. Feni ilinyamaza. Mvua nayo ilikuwa imepungua. Gizani, kwenye kiti cha pembeni, mtu alikuwa akipuliza polepole, kama anayepoza ngozi iliyoungua.